Lami Juu ya Picha ya Threlfall

Mtaa wa Carver,
Hulme, Manchester,
Uingereza.

Jumapili, 6 Juni 1909.

Dada Mpendwa Lavinia,

Nakusalimu kwa moyo wote kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Reuben na watoto, na kwamba baridi ya huko, ambayo mnatuambia huingia wakati sisi tunafungua madirisha, haijakurudishia kile kikohozi. Je, mguu wa shemeji umepona? Na Dorothea ameanza shule, au bado analia mlangoni?

Sisi huku tunaendelea. Mama kifua kinambana asubuhi, lakini anakula. Siku hizi hakai tena chumba cha mbele. Anakaa jikoni, karibu na jiko, na kiti amekigeuzia mlango mgongo. Sababu yake utaiona mbele. Usije ukadhani ni ugonjwa.

Uliniuliza kuhusu kazi yangu ya uhudumu katika Chama cha Wachoraji. Sina kazi tena, Dada. Nilitaka kukuandikia kwa utulivu nikuelezee kila kitu kwa mpangilio, lakini jana imekuja habari ambayo utaisoma mwishoni, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Huenda magazeti yamefika hata huko Dunedin, upande wa pili wa dunia, yakikueleza kwamba mchoraji mmoja hohehahe alimpiga mchoraji mkuu hadi kumuua kwa wivu. Nilikuwepo. Ndani ya ukumbi tulikuwa watatu tu, na wa tatu nilikuwa mimi, juu ya ngazi.

Unakumbuka nilivyokuandikia kuhusu Siku ya Vanishi. Ni ile siku kabla ya kufungua maonyesho, picha zikiwa tayari ukutani, wachoraji wanaporuhusiwa kuingia na brashi na visu vyao vya rangi kuzimalizia. Kwa jina ni siku ya kupaka vanishi, yale mafuta ya kung'arisha picha. Kwa kweli ni siku ya vita. Mtu anakuja, anatazama picha iliyo jirani na yake, anaona inang'aa kuliko yake, basi anaongeza wekundu mahali, anaongeza mwanga, mpaka ya jirani ife. Wenyewe husema hivyo hivyo, kuua picha ya jirani, na hucheka.

Mwaka huu picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bwana Lucian Pellew, mwanachama mkongwe, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri na fimbo yenye kichwa cha fedha. Alichora mji wa kale ukivamiwa: wanawake wanaburutwa kwa nywele, askari wanachinja, maiti zimelala ngazini. Ilijaa ukuta. Watu wa mjini wanampenda kwa picha za namna hiyo. Lakini maiti zake, Dada, zilikuwa kama watu waliosinzia baada ya chakula, na damu yake ilikuwa kama jemu. Mchinjaji yeyote wa soko letu angemcheka. Na juu ya yote alikuwa amepaka ule ukahawia wake maarufu, unaochanganywa na lami, ili picha ionekane imekaa miaka mia.

Kando yake ilibaki nafasi, na picha pekee iliyoweza kuenea hapo ilikuwa ya Jabez Threlfall. Huyu si mwanachama. Alikuwa akichora vifuniko vya masanduku ya biskuti, na mkewe Hannah ni dobi. Picha yenyewe ni Hannah akifua uani. Hakuna kingine. Mikono imezama kwenye pipa, myekundu na ya buluu, ngozi imepasuka kwenye viungo, na mwanga wa asubuhi unampiga shavuni. Rangi aliipaka nzitonzito, haikulainishwa popote. Ukiiona kwa karibu ni madoa tu. Ukirudi nyuma, yule mama anapumua.

Ubaya ni kwamba iliangukia pale pale usawa wa macho, na kando yake ule mji unaochinjwa ukaonekana kama mchuzi uliolala. Wabeba picha waliliona kabla ya mabwana. Sugden, yule mwenye sikio lililokatika, aliniambia kwamba mzee Pellew ingebidi aombe taa, watu waweze kuiona kazi yake.

Bwana Pellew alipofika asubuhi na kuona, alidai ile picha ya dobi ipandishwe juu, chini ya dari, zinakowekwa za watu wasio na mtu. Haikuwezekana. Ipo kanuni kwamba ukuta ukishapitishwa na kamati, na wanakamati wakishakunywa glasi zao mbele yake, hakuna kinachosogezwa. Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe zamani, watu wasije wakamsogeza yeye. Kwa hiyo alichukua brashi. Akaongeza wekundu kwenye damu, akaongeza dhahabu kwenye kofia za askari. Kila alivyozidi kuongeza, ndivyo picha yake ilivyozidi kuonekana imepakwa poda. Kufikia mchana alikuwa amejaa jasho, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Mchana wanachama huenda kula chumba cha juu, kwenye meza yenye kitambaa na kondoo wa kuoka. Wasio wanachama hula mkate wao ngazini, nje ya ukumbi. Ndiyo desturi. Mimi nilibaki kubandika namba kwenye fremu za juu. Bwana Pellew alirudi peke yake, ndevu zina mafuta ya nyama, ameshika kopo la ile vanishi yake ya lami. Aliniona, Dada. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama saa ya ukutani. Kisha akachovya brashi pana na kuipitisha juu ya picha ya Threlfall, kwanza mikono, halafu pipa, halafu uso, taratibu, bila kupindisha hata mstari, mpaka yule mama akawa kivuli ndani ya moshi.

Sikusema neno. Nilikuwa na gundi mkononi, na sikusema neno.

Threlfall aliingia akiwa bado anatafuna. Alisimama. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia, ni nani amefanya hivyo. Bwana Pellew alikuwa akifuta brashi yake.

"Nimekusaidia, kijana. Sasa angalau inafanana na picha."

"Ile ni mikono ya mke wangu."

"Basi mwite aje aifue. Si ndiyo kazi yake?"

Threlfall alimsogelea. Simaanishi alimrukia. Alisogea tu, na mahakamani niliapa hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bwana Pellew akainua ile fimbo na kumpiga mdomoni kwa kichwa cha fedha. Niliyasikia meno. Hapo ndipo Threlfall alipookota ule mti mrefu ambao wachoraji huegemezea mkono wanapofanya kazi, akampiga nao shingoni, begani, kichwani, mpaka mti ukavunjika. Akaendelea kwa ngumi. Mzee alianguka kwenye ngazi yangu, ngazi ikateleza kidogo, nami nikashikilia fremu za juu huku chini yangu wanapigana, au tuseme mmoja anapiga. Damu iliruka ikafika kwenye ule mji wa kale, juu ya maiti zilizosinzia, na ilikuwa na rangi nyingine kabisa.

Sasa ninaandika jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua isipokuwa mimi na yeye. Alikoma. Mzee alikuwa chini, anakoroma, hana tena la kufanya. Threlfall alimwacha akaenda kwenye picha yake. Alijaribu kuifuta lami kwa mkono wa shati. Lami ikatoka, na uso wa Hannah ukatoka nayo, maana asubuhi ile alikuwa ameuongezea rangi ambayo haijakauka. Akautazama mkono wa shati. Alisimama pale muda wa kutosha mtu kusema sala. Kisha akarudi, akaokota kipande cha ule mti, akapiga magoti na kummaliza yule mzee bila ghadhabu yoyote, kama fundi anayepigilia msumari wa mwisho. Alipokwisha, aliinua kichwa na kuniambia nishuke polepole, nisije nikaanguka, maana mguu mmoja wa ngazi haukukaa sawa.

Bwana Pellew hakuzinduka tena. Alikata roho kabla ya Jumapili ya wiki ile.

Huwezi kuamini, lakini maonyesho yalifunguliwa vilevile. Katibu wetu, Bwana Hartnoll, aliamuru sakafu isuguliwe, na picha ya Threlfall ikachukuliwa na polisi. Ule mji wa kale ulifutwa damu kwa spiriti. Mjini watu walisikia, wakapanga foleni mpaka kona ya barabara. Hawakuja kutazama sanaa. Walitaka kuiona damu ya marehemu. Na kwa kuwa hawakuweza kutofautisha, walikuwa wakionyeshana ile jemu aliyoichora mwenyewe, wanawake wanazimia mbele yake, na baba mmoja alimnyanyua mwanawe aiguse.

Bwana Hartnoll aliniita ofisini, akanipa kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisema kwa upole kwamba mtu aliye juu ya ngazi huona vichwa tu, na kwamba picha ya Threlfall tangu mwanzo ilikuwa nyeusinyeusi, sivyo? Nilimjibu kwamba haikuwa hivyo. Akanikumbusha kwamba Mama ni mgonjwa. Kuhusu lami, alisema, nikikaa kimya hakuna mwingine wa kusema, na nikisema nitakuwa nimemzika marehemu mara ya pili, bila jina jema.

Hapo ndipo nilipotambua yaliyokuwa juu yangu. Bila lami na bila ile fimbo ya fedha, Threlfall angenyongwa kwa wivu. Nikiyasema yote mawili, wakili wake alitumaini ingekuwa kuua kwa ghadhabu, bila kukusudia, afungwe tu. Lakini nikisema yote kabisa, pamoja na kule kukoma kwake katikati, basi ni mimi niliyemtia kitanzi.

Hannah Threlfall alikuja nyumbani jioni moja akiwa na kapu la nguo za watu. Mama alimkaribisha chai, hakuinywa. Hakulia wala hakunishika mikono. Aliniomba nimweleze alivyofanya mumewe, tangu mwanzo mpaka mwisho, nami nikamweleza, hata ile ya katikati. Alitazama viganja vyake. Halafu akasema, "Hiyo ya katikati, mwanangu, usiwape." Akabeba kapu lake akaenda.

Siku chache baadaye tofali lilipita dirisha la chumba cha mbele, likaangukia kiti alichokuwa amekikalia Mama muda mfupi kabla. Ndiyo maana yuko jikoni. Na kabla ya kesi nilikamatwa na wanaume wawili nyuma ya soko la samaki. Walinibana ukutani. Mmoja aliniuliza kama bado naona vizuri, akanipiga jichoni nisione. Walinipiga mateke nikiwa chini, na yule wa pili akawa anahesabu mbavu zangu kwa kiatu huku akiimba. Walinuka tapentaini, yale mafuta ya kuchanganyia rangi, Dada. Huenda nimewahi kuwafungulia mlango na kuwapokea makoti. Mbavu zinapona. Kucheka ndiyo bado siwezi, na haijanibidi.

Mahakamani karani alinishikia Biblia, nikaapa. Nilisema kuhusu lami. Nilisema kuhusu fimbo. Bwana Hartnoll alikuwa mstari wa pili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na nikajua kazi yangu imekwisha. Waliileta picha. Mmoja wa wale kumi na wawili wa kuamua aliuliza iwekwe upande gani, maana haoni juu wala chini, na watu wakacheka. Threlfall peke yake hakuitazama.

Kisha wakili wake akanigeukia. Alikuwa mtu mwema, naye hakujua lolote la zaidi. Aliniuliza kama yote yale, tangu pigo la fimbo hadi mwisho, yalitendeka katika ghadhabu moja isiyokatika. Nilimwona Hannah amekaa wima kwenye benchi la wageni.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Hakukoma."

Ilikuwa imekwisha. Wakili alikuwa ameanza kukaa. Na ndipo Threlfall akasema kutoka kizimbani, kwa yale meno yake yaliyovunjika, bila kuruhusiwa:

"Kijana ananihurumia. Nilikoma. Nilikwenda nikaitazama, ndipo nikarudi."

Jaji alimwonya anyamaze na kumwachia wakili wake. Wakili akamwendea mbio akamnong'oneza, na alikuwa kama anamsihi mtoto ashuke kwenye paa. Threlfall akatikisa kichwa. Alimwambia jaji kwamba maisha yake yote amegombana na watu kwa kuchora kitu kama kilivyo, na hawezi kukaa akasikiliza hiki kikichorwa vingine, hata kama kinampendeza. Kisha akaeleza yote, mkono wa shati, uso uliofutika, kupiga magoti. Hakukosea hata kidogo. Aliongeza hata jambo ambalo mimi sikuliona kutoka juu, kwamba mzee alikuwa amemwangalia.

Nyuma yangu nilisikia sauti moja tu, ya Hannah. Hakupiga kelele. Alisema, "Jabez, mpumbavu wee," kama anayemsema kwa kuingia na matope ndani.

Kuhusu mimi, jaji alisema nimesema uongo chini ya kiapo, na kwamba kama si umri wangu na majeraha usoni ningelala rumande. Wale kumi na wawili walirudi haraka. Walimtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, wakaomba ahurumiwe. Jaji akavikwa kile kitambaa cheusi cha kutoa hukumu ya kunyongwa. Nje, watu walimrushia Hannah maganda na mawe, na mwanamke mmoja akamvuta kofia pamoja na nywele. Sugden alimkinga kwa mgongo wake, akapasuliwa kisogo. Mimi nilisimama ukutani, Dada. Siwezi kukudanganya, nilisimama ukutani.

Tangu hapo nimezunguka na Hannah mlango kwa mlango tukiomba watu watie sahihi ombi la kwenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wengine walitia, wengine walitufungulia mbwa. Kuna wachoraji vijana waliojitoa kwenye Chama, wamekodi chumba juu ya duka la baiskeli, wanasema habari za wachoraji wapya wa Paris mchana kutwa. Walitaka kuitundika ile picha huko kama ilivyo, na lami yake, wakisema ni kazi ya kwanza ya kweli katika mji huu. Hannah aliwauliza kama kuna aliyeitazama kabla haijapakwa. Hakukuwa na hata mmoja. Akawakatalia.

Jibu la Waziri lilikuja jana. Haoni sababu ya kuingilia.

Threlfall atanyongwa Jumanne hii, saa mbili asubuhi. Barua hii itakapokufikia, yeye atakuwa ardhini zamani, nawe utakuwa unasoma habari za mtu ambaye mimi ninapoandika bado anakula mkate. Jana jioni Hannah alikuja tena. Alisema siku hizo watu hujaa kwenye lango la jela, huja na bia na watoto, wengine watamjua. Aliniuliza kama nitasimama naye. Aliomba jambo moja tu, kwamba kengele ya jela ikianza kulia, kuonyesha kwamba imekwisha, nisimwambie kitu, wala pole.

Ninaogopa, Dada. Ninaogopa wale wawili watakuwepo, ninaogopa mawe, ninaogopa zaidi ile kengele. Mama hataki niende. Amelificha koti langu, na najua amelificha wapi. Nitakwenda. Nitasimama upande wake wa barabarani, mawe yakija yanikute mimi kwanza.

Baada ya hapo nitatafuta kazi, pengine kwenye bohari za pamba. Mungu akipenda nitakuandikia nikiwa na habari za kawaida.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile sufu ilifika. Shangazi Keziah naye anakusalimu. Nisalimie shemeji Reuben, mwambie mguu asiutie maji baridi, na umbusu Dorothea na mdogo wake Albert kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote, awape nyumba yenye amani na majirani wema. Utuombee, na Jumanne, ingawa itakuwa imepita, umwombee na yule mama.

Mimi mdogo wako, akupendaye siku zote,

Clement Ogden